Chungu Kitarudi na Mifugo

Garissa, mama anayempa mtoto biskuti na soda badala ya maziwa ya ngamia huitwa mvivu. Mimi, mwanaisimu, napinga. Lugha ni shahidi: neno la Kisomali "baasto", yaani tambi, lilitoka Kiitaliano, lakini nyirinyiri, nyama iliyokaushwa, ikakaangwa na kuhifadhiwa katika samli, ni chakula cha wafugaji wenyewe, na hudumu miezi bila jokofu. Maarifa basi yapo. Kilichopungua ni mifugo, ambayo ukame wa 2020 hadi 2023 uliiangamiza kwa wingi. Ndugu msomaji, tusilihubirie upishi jiko lisilo na nyama wala maziwa. Kwanza wafugaji wasaidiwe kupata tena ngamia na mbuzi, mahubiri yafuate.