Kujiamini ni Kitenzi cha Watu Wawili

Mjomba wangu anaishi Castlebar, mji mkuu wa kaunti ya Mayo, magharibi mwa Ayalandi, na anafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Kila Jumapili jioni hunitumia ujumbe wa sauti. Nusu ya kwanza ni salamu na habari za familia. Nusu ya pili ni mpira, wala si mpira wetu wa Kamalondo. Ni mpira wa Kigaeli, mchezo wa watu kumi na watano kila upande, ambamo mpira hubebwa mkononi, hupigwa teke na hupigwa ngumi. Ukiupitisha juu ya mwamba wa goli kwa kawaida unapata pointi moja. Ukiuingiza wavuni unapata tatu.

Wazee anaowahudumia mjomba hawachoki kubishana juu ya jambo moja: nani apangwe na nani aachwe. Sina la kuwafundisha kuhusu mpira wao. Lakini nimewasikiliza kupitia mjomba kwa miaka mitatu, na nimefika mahali pa kusema kwamba ubishi wao unatuhusu sisi wa kitivo hiki. Wao wanabishana kwa sauti kubwa kuhusu kujiamini. Sisi tunanyamaza, na kunyamaza kwetu kuna watu kunawaumiza.

Ubishi wenyewe ni wa mwaka 2016. Mayo hawajachukua kombe la Sam Maguire, kombe la ubingwa wa Ayalandi nzima, tangu 1951. Tarehe 18 Septemba 2016 walicheza fainali na Dublin katika uwanja wa Croke Park, wakatoka sare, ingawa walikuwa wamejifunga magoli mawili. Marudiano yakawekwa tarehe 1 Oktoba. Hapo kocha Stephen Rochford akafanya jambo lililowashtua wengi: alimweka benchi kipa David Clarke, akampanga Robert Hennelly. Hoja ilikuwa teke la kuanzisha mpira kutoka golini. Katika mchezo huu teke hilo si la kuondosha mpira tu. Timu inayolipiga vizuri ndiyo inayokaa na mpira, na kipa wa Dublin, Stephen Cluxton, alikuwa ameligeuza kuwa silaha. Kocha aliona kwamba Hennelly ndiye angeweza kujibu.

Mapema katika kipindi cha pili Hennelly aliuponyoka mpira wa juu, kisha akamwangusha Paddy Andrews wa Dublin. Penalti. Tena kadi nyeusi, ambayo wakati ule ilimtoa mchezaji na kumruhusu mwingine aingie badala yake. Clarke akainuka benchi, na kazi yake ya kwanza ikawa kusimama mbele ya penalti ya Diarmuid Connolly. Ikaingia. Dublin wakashinda 1-15 kwa 1-14, yaani tofauti ya pointi moja. Mwaka uleule Clarke akachaguliwa kuwa kipa katika kikosi cha wachezaji bora wa nchi nzima.

Mjomba anasema wazee wale wana kambi mbili. Kambi ya kwanza hudai kwamba kocha alivunja watu wawili kwa karatasi moja: Clarke aliambiwa hatoshi, na Hennelly akabebeshwa mzigo wa kuthibitisha kwamba mwenzake hatoshi. Kambi ya pili hujibu kwamba mchezaji wa kaunti si mtoto wa kubembelezwa. Kocha ndiye anayeona mazoezi, na asiyeweza kuibeba jezi aivue.

Matokeo hayawezi kuwaamua. Mwaka 2017 Clarke ndiye aliyekuwa golini katika fainali, na Mayo wakafungwa tena na Dublin kwa pointi ileile moja, 1-17 kwa 1-16. Kipa mwingine, kilio kilekile. Basi swali la nani kati yao alikuwa bora linawashinda. Linabaki swali lingine, na hilo ndilo lililonivuta mimi mwanafunzi wa isimu: huko kujiamini wanakokutaja kila mara hutoka wapi?

Tulitazame neno. Kujiamini: mzizi -amini, na mbele yake -ji-, kiambishi kinachokirudisha kitendo kwa mtenda mwenyewe. Ukilisoma hivyo, utadhani ni kazi ya mtu mmoja aliyejifungia chumbani na moyo wake. Kiayalandi, lugha ambayo bado husemwa katika sehemu kadhaa za Mayo, kina neno la umbo la karibu sana: muinín ni imani kwa mtu au kitu, féin ni nafsi, na féinmhuinín ni kujiamini. Lugha mbili zisizo na undugu wa karibu zimeshika njia moja. Zilichukua neno la kumwamini mwingine, kisha zikaligeuza limwelekee msemaji mwenyewe.

Sidai kwamba umbo la neno ni ushahidi wa jinsi moyo wa binadamu unavyofanya kazi. Mwalimu yeyote wa semantiki angenikatiza hapo, na angefanya vema. Lakini tuangalie pia tunavyosema kila siku. Tunasema kumtia mtu moyo na kumvunja mtu moyo. Hivi ni vitenzi elekezi: vinamtaka mtenda na vinamtaka mtendwa. Tunasema mtu ameshikwa na woga, kana kwamba woga ulikuja kutoka nje ukamkamata. Mwayalandi husema tá eagla orm, yaani woga uko juu yangu. Hata tunaposema mtu anajipa moyo, tunamwona amekuwa watu wawili, mmoja anatoa na mwingine anapokea. Wasemaji wa kawaida, waliozitumia lugha hizi kabla yetu, hawakuona moyo kama kitu ambacho mtu hujichimbia peke yake. Waliona mikono ya wengine ndani yake.

Hapo ndipo nasimama. Kuaminiwa hutangulia kujiamini. Kauli ya kutendwa huja kwanza, -ji- hufuata nyuma yake.

Ndiyo maana karatasi ya kocha ina uzito mkubwa kuliko orodha ya majina. J. L. Austin alitufundisha kwamba kuna maneno ambayo kuyasema ni kutenda. Kumpanga mchezaji ni tendo la namna hiyo. Kocha anapoandika jina, anatoa imani. Anapolifuta, anaiondoa, hata kama hakuongeza neno lolote. Na mashabiki nao hutenda vivyo hivyo. Katika mpira wa Kigaeli mchezaji halipwi mshahara. Anaichezea kaunti yake, na Jumatatu asubuhi anarudi kazini, anakutana dukani na watu walewale waliomlaumu Jumapili. Lawama ya shabiki haisafiri mbali. Mlengwa wake ni jirani.

Lakini kuna sehemu ya pili ya habari hii. Tarehe 14 Agosti 2021, katika nusu fainali, Mayo walikutana tena na Dublin, waliokuwa wamechukua kombe miaka sita mfululizo. Clarke alikuwa amestaafu. Golini alikuwa Hennelly yuleyule wa kadi nyeusi. Dakika za mwisho Mayo walikuwa nyuma kwa pointi moja, wakapata teke la mita 45. Hennelly akatoka golini kwake, akavuka uwanja mzima kwenda kulipiga. Mpira ukatoka nje. Mwamuzi akaamuru lirudiwe, kwa sababu mchezaji wa Dublin alikuwa amemsumbua mpigaji. Wote walikuwa wamemwona akikosa sasa hivi, mahali palepale, kwa mguu uleule. Bado ni yeye aliyelirudia. Safari hii mpira ukapita juu ya mwamba, timu zikawa sawa, na katika muda wa nyongeza Mayo wakashinda 0-17 kwa 0-14.

Sijui kilichokuwa moyoni mwake, na sitajifanya najua. Ninajua kilichoonekana: baada ya kosa la kwanza, hakuna aliyempokonya mpira. Fainali iliyofuata Mayo waliipoteza mbele ya Tyrone, kwa hiyo hii si hadithi ya kombe. Ni hadithi ya mtu aliyepewa zamu ya pili.

Sasa turudi nyumbani.

Katika semina zetu za mazungumzo kuna kikosi cha kwanza, ingawa hakuna aliyekiandika ukutani. Ni wanafunzi wanne au watano. Mada ikihitaji msemaji, wao. Mgeni akija, wao. Walimu wetu huwaita kwa nia njema, kwa sababu muda ni mfupi na hao hawatawaaibisha. Kila wanapoitwa wanazidi kuwa hodari, na kila wanapozidi kuwa hodari wanaitwa tena. Sisi wengine tunakaa benchi mpaka siku ya kutetea kazi ya mwisho. Siku hiyo tunashangaa kwa nini ulimi umekuwa mzito mbele ya majaji, na tunaambiwa kwamba tatizo letu ni kutojiamini.

Kosa si la walimu peke yao. Mwaka juzi mwenzetu mmoja, msichana msikivu aliyekuwa na daftari safi kuliko yetu sote, alisimama kueleza mada ya ngeli. Katikati ya maelezo akasema “batoto”. Safu ya nyuma ikacheka. Akajisahihisha, akasema “watoto”, akaendelea kidogo, akasema “batu”. Kicheko kikawa kikubwa zaidi. Aliketi kabla ya kumaliza. Tangu siku ile sijamsikia akijitolea kusema chochote.

Nilikuwa katika safu ile ya nyuma. Nilicheka. Na jioni ile, nikiwa njiani kurudi nyumbani Katuba, nilinunua maandazi na kumuuliza muuzaji kama batoto bake walishatoka masomoni. Hakuna hata mmoja wetu aliyecheka siku ile asiyesema batoto nyumbani kwao. Tunasomea hapa kwamba Kiswahili cha Lubumbashi kina kanuni zake, kwamba ba- yake ni kiambishi halali chenye ndugu zake katika lugha nyingi za Kibantu. Tunaiandika hiyo katika mtihani na kupata alama nzuri. Kisha tunamcheka anayeitamka.

Nimemwomba radhi mwezi uliopita. Alitabasamu, akasema ameshasahau. Lakini bado anakaa karibu na mlango.

Najua pingamizi litakalokuja, maana ndilo la kambi ya pili ya wazee wa Castlebar. Watasema chuo kikuu si mahali pa kubembelezana; tumekuja kujifunza Kiswahili sanifu, na asiyekimudu asahihishwe. Nakubali. Nami naandika makala hii kwa Kiswahili sanifu na ninajivunia. Lakini kusahihisha na kucheka ni matendo mawili tofauti. Anayesahihisha anamwambia mwenzake: natarajia utasema tena, basi hili hapa neno litakalokusaidia. Anayecheka anamwambia: usiseme tena. La kwanza ni imani, hata likiwa kali. La pili ni kufuta jina kwenye orodha.

Wengine watasema apangwe aliye bora, basi. Kwa timu inayocheza fainali keshokutwa, huenda. Lakini semina si fainali. Semina ni uwanja wa mazoezi, na kocha anayewapa mazoezi wachezaji wanne tu hapaswi kushangaa akikosa wa kuwaingiza wakati wa shida.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu, yote madogo na yasiyo na gharama. Kwanza, orodha ya wasemaji wa semina ibandikwe mwanzoni mwa muhula, na jina la kila mmoja liwemo, ili asiwepo anayesubiri kuonewa huruma au kusahauliwa. Pili, masahihisho ya lugha yatolewe baada ya msemaji kumaliza, na yatolewe pamoja na sababu zake, kama inavyostahili mahali wanaposoma wanaisimu. Tatu, na hili ndilo ninalolishikilia zaidi, atakayeshindwa mara ya kwanza apewe zamu nyingine ndani ya wiki mbili. Isiwe kwa kumtafuta atake mwenyewe. Aipate kwa haki, kama teke lililorudiwa.

Kwa walimu wetu, kwa heshima zote: mnapotuita kwa majina mnafanya zaidi ya kuendesha kipindi. Kwa sisi wanafunzi: sisi ni mashabiki wenye majirani uwanjani, na kesho tutakaa nao benchi moja.

Orodha ya muhula ujao haijaandikwa. Naomba zamu ya kwanza iwe yangu, na mada iwe kiambishi ba- katika Kiswahili cha Lubumbashi. Nikikosea, nisahihisheni. Kisha mnipe mpira tena.