Ubia wa Halmashauri na Chaki ya Maswa

Wenzetu, mara nyingi twaambiwa ya kwamba Halmashauri haiwezi kuendeleza nchi peke yake, sharti ishirikiane na watu wenye mali na wenye kazi. Neno hilo twalikubali. Lakini ubia huo, ambao Sheria yake ilitungwa mwaka 2010, husemwa kana kwamba ni wa bandari na barabara tu. Sisi twapenda kutazama ushirika mdogo zaidi, ulioko Mkoa wa Simiyu.

Mkoa huo uliundwa mwaka 2012, makao yake Bariadi, nao ni nchi ya pamba na ng'ombe. Bw. Anthony Mtaka alipokuwa Mkuu wa Mkoa, lilishikwa shauri la kila wilaya kuwa na bidhaa yake na kiwanda chake. Vijana wa Maswa wakatengeneza chaki, na wale wa Meatu wakasindika maziwa, Halmashauri zikiwasaidia.

Chaki yatupasa tuitazame sana. Mnunuzi wake ni nani ila shule? Na shule nyingi zi chini ya Halmashauri. Basi Halmashauri ni mkopeshaji, ni mbia, tena ni mnunuzi. Tajiri aweza kungoja malipo yake miezi mitatu. Kikundi cha vijana hakiwezi, maana jasi ya kesho hununuliwa kwa fedha ya chaki ya leo. Hapo ndipo kazi yetu makarani inapoingia. Hati ya malipo ikilala mezani, kiwanda nacho hulala. Hatusemi ya kwamba jambo hili limetukia Maswa. Twasema ndivyo ushirika wa namna hii uwezavyo kufa pasipo adui.

Tena kuna mkopo. Sheria yaagiza asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri ikopeshwe bila riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu. Mwaka 2023 mikopo hiyo ilisimamishwa kwa sababu ya kasoro zilizoonekana, ikarudishwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Wako wasemao heri vijana waachwe, ashirikishwe mwenye mtaji peke yake. Hatukubali hata kidogo. Mwenye mtaji naye huweza kushindwa, na hasara yake ni kubwa kuliko ya kikundi.

Tutakalo ni kwamba kila mkataba, wa tajiri na wa vijana, usomwe barazani kwa Kiswahili kabla ya kutiwa sahihi: mitambo ni ya nani ushirika ukivunjika, hasara ni ya nani, na malipo yatatoka baada ya siku ngapi. Siku hizo ziandikwe kwa tarakimu, pamoja na cheo cha yule atakayeulizwa zikipita.