Daraja la Ghuba ya Mwanza: foleni ya majini imekwisha, ya mipakani bado

Tangu Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua Daraja la J.P. Magufuli tarehe 19 Juni 2025, gari linavuka Ghuba ya Mwanza kwa dakika chache. Zamani safari hiyo kati ya Kigongo, wilayani Misungwi, na Busisi, wilayani Sengerema, ilitegemea vivuko. Foleni ikiwa ndefu, abiria aliweza kupoteza saa mbili au zaidi. Kwa mgonjwa anayekimbizwa kutoka Sengerema hadi Hospitali ya Bugando, saa hizo ni nyingi mno.

Daraja hilo lina urefu wa kilomita 3 na upana wa mita 28.45. Limegharimu zaidi ya shilingi bilioni 700 za Tanzania, fedha ambazo serikali inasema zimetoka katika hazina yake yenyewe. Jiwe la msingi liliwekwa Desemba 2019 na Rais John Magufuli, mwenyeji wa Chato, ng'ambo hiyo hiyo ya magharibi. Alifariki Machi 2021 kazi ikiendelea, na wajenzi kutoka China wakaikamilisha chini ya mrithi wake. Kwa watu wa Kanda ya Ziwa wanaokumbuka MV Bukoba mwaka 1996 na MV Nyerere mwaka 2018, kuvuka maji bila kupanda chombo si jambo dogo.

Je, sisi majirani tunafaidika nini? Hapa inafaa kupunguza shangwe kidogo. Shehena nyingi ya Rwanda na Burundi inayoshuka bandari ya Dar es Salaam haipiti Mwanza kabisa. Inapita Isaka na Kahama hadi Lusahunga, kisha inaelekea Rusumo au Kabanga. Dereva wa njia hiyo anaweza kumaliza mwaka bila kuliona daraja hili.

Faida yetu iko kwingine. Tazama ramani: kutoka Sirari, mpakani mwa Kenya, barabara inashuka hadi Mwanza, inavuka ghuba, inapita Sengerema, Geita na Biharamulo, kisha inafika Rusumo. Hiyo ni njia ya kusini mwa Ziwa Victoria inayounganisha Kenya na Rwanda bila kuingia Uganda. Ilikuwepo siku zote, ila kivuko kiliikata katikati, na lori lililotaka kukikwepa lilizunguka kupitia Shinyanga na Kahama.

Umuhimu wa kuwa na njia ya pili tunaujua. Vurugu za baada ya uchaguzi wa Kenya, mwanzoni mwa 2008, zilikata mafuta hadi Kigali. Kisha Gatuna ikafungwa Februari 2019, na ikafunguliwa tena mwisho wa Januari 2022. Malori yakageukia Kagitumba, ambako nako ni kupita Uganda. Wafanyabiashara waliolipa gharama za mzunguko huo hawahitaji kuelezwa kwa nini barabara moja haitoshi.

Lakini lami na zege havigongi mihuri. Rusumo ilipata daraja jipya na kituo cha pamoja cha forodha mwaka 2016, na Mutukula ikafuata 2017. Hata hivyo lori likitoka Kenya kwenda Rwanda kwa njia ya kusini linavuka mipaka miwili na kupita mizani ya Tanzania njiani. Likilala usiku mmoja Sirari na mwingine Rusumo kwa sababu ya karatasi, dakika zilizookolewa ziwani hazina maana kwa mwenye mzigo. Mawaziri wa uchukuzi wa Jumuiya wangeanzia hapo, badala ya kupongezana.

Kuna na wale ambao foleni ilikuwa riziki yao: mama lishe, wauza samaki, matunda na maji ya chupa wa Kigongo na Busisi. Walikuwa na wateja kwa sababu magari yalisimama. Sasa hayasimami. Madereva wa masafa marefu bado wanahitaji kula, kulala na kukagua matairi, na maegesho ya malori yenye soko upande mmoja wa daraja yangewarudishia sehemu ya wateja hao. Gharama yake ni ndogo sana ukiilinganisha na hizo bilioni 700.