Kitabu Ulichokipenda, Mwambie na Jirani

Ndugu msomaji, nina ombi moja kwako, na halina gharama. Kabla wiki hii haijaisha, mtafute mtu mmoja, awe jirani, mwanao, shemeji yako au mfanyakazi mwenzako, umsimulie kitabu cha Kiswahili ulichokisoma ukakipenda. Mwambie kinahusu nini na kilikushika wapi. Ukiwa nacho, mwazime. Naliomba jambo hili kwa moyo wote, na nitakueleza sababu.

Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika fasihi ya Kiswahili, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Asubuhi napanga foleni ya mwendokasi Kimara, nashuka Ubungo, nadandia daladala ya Mlimani. Mchana nashinda maktaba. Jioni narekebisha sura ya tasnifu ambayo msimamizi ameirudisha ikiwa imejaa wino mwekundu. Wengi wetu katika ngazi hii ni walimu na watumishi tuliorudi darasani tukiwa na familia, kwa hiyo pesa ya kurudufu makala hushindana na pesa ya unga. Wakati wangu wa kusoma kwa raha ni ule wa safarini na ule wa usiku watoto wakishalala. Huo siutoi kwa yeyote.

Maktaba mpya ya chuo chetu, iliyofunguliwa Novemba 2018, ina nafasi ya wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja. Mitihani ikikaribia, kupata kiti ni kuwahi. Nakwenda zangu kukaa kwenye vimbweta, chini ya miti, na riwaya yangu mkononi. Hapo nimezoea kuulizwa na wadogo zangu wa mwaka wa kwanza: "Dada, hicho kimo kwenye mtaala?" Nikijibu kwamba hakimo, linafuata swali la pili: "Sasa unakisomea nini?"

Hawaulizi kwa ubaya. Tangu sekondari walifundishwa kwamba riwaya ni ya kujibia swali la mtihani, na mtihani ukipita riwaya nayo imepita. Lakini matokeo ya mazoea hayo ni makubwa kuliko tunavyodhani. Mchapishaji wa vitabu anaendesha biashara. Riwaya ikiteuliwa kusomwa shuleni, ana uhakika wa wanunuzi, naye huichapa tena na tena. Ikiondolewa kwenye orodha, wanunuzi hutoweka, nakala za mwisho huisha dukani, na hana sababu ya kurudi kiwandani. Baada ya hapo utaipata riwaya hiyo kwa bahati, kwenye vitabu vilivyotandazwa chini pembezoni mwa barabara, au utapewa kivuli chake kilichotolewa kopi mpaka mistari ya pembeni imekatwa. Kopi hiyo haimpatii mwandishi hata senti, na haimwambii mchapishaji kwamba kuna mtu bado anakitaka kitabu.

Wahenga walituambia chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa vitabu vyetu mambo hayako hivyo. Kitabu chema kisipotembezwa na waliokisoma, hulala ghalani hadi kisahaulike.

Basi nianze mimi kuvitembeza vyangu.

Cha kwanza ni Kuli cha Adam Shafi, kilichotolewa na Tanzania Publishing House (TPH) mwaka 1979. Ni hadithi ya Rashidi na wapagazi wa bandari ya Unguja, na inatuleta hadi kwenye mgomo wao wa mwaka 1948. Nakala niliyonayo niliinunua mitumba. Nyuma ya jalada pana majina manne ya waliowahi kuimiliki, kila moja kwa mwandiko wake, na la mwisho limeongezewa neno "Tanga". Watu hao siwajui, ila nawashukuru, kwa sababu kila mmoja alikitunza kitabu kikamfikia mwenzake. Mtu yeyote anayeishi kwa jasho lake, awe anabeba mizigo Kariakoo au anaendesha bodaboda, atajiona humo.

Cha pili ni Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, kilichochapwa mwaka 1971 mwandishi akiwa na umri wa miaka 27. Kiliwahi kupigwa marufuku shuleni kwa sababu kinasema waziwazi yale ambayo wakubwa tunanong'onezana. Rosa analelewa Ukerewe chini ya baba yake, Zakaria, mkali wa kupindukia. Barua moja ya mvulana inamletea kipigo. Baadaye anapata uhuru akiwa mbali na nyumbani, bila kuwahi kufundishwa na mtu namna ya kuutumia, na anaangamia. Nimekiazimisha kwa mama mmoja mwenye binti wa kidato cha tatu. Aliporudisha aliniambia kwamba sasa anazungumza na mwanawe mambo ambayo yeye hakuwahi kuzungumza na mama yake. Kitabu kimefanya kazi ambayo semina nyingi za malezi hazijaifanya.

Cha tatu ni mkusanyo wa barua ambazo Shaaban Robert alimwandikia mdogo wake, Yusuf Ulenge, kati ya mwaka 1931 na 1958. Chuo chetu kupitia Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili kilizitoa kama kitabu mwaka 2002. Tumezoea kumwona Shaaban Robert kwenye picha ukutani, amevaa kofia, mkubwa asiyefikika. Kwenye barua ni kaka mtu na karani wa serikali anayeandika vitabu baada ya saa za kazi. Forodha aliifanyia kazi, idara ya wanyamapori aliifanyia kazi, ofisi ya wilaya Tanga pia, na idara ya upimaji ardhi. Alifariki mwaka 1962, na riwaya yake Kufikirika ikachapwa mwaka 1967, asiione. Kila ninapochoka na tasnifu, nakumbuka kwamba mtu huyo alitujengea fasihi nzima akiwa na ajira ya mchana.

Sasa angalia jinsi waandishi wa vitabu hivi viwili vya mwisho wanavyokutana. Mwaka 1976, Kezilahabi, ambaye tayari alikuwa na riwaya zake madukani, alikamilisha tasnifu ya uzamili hapa hapa chuoni kwetu Mlimani, na mada yake ilikuwa riwaya za Shaaban Robert. Mwandishi huyu alikuwa pia msomaji wa mwenzake aliyemtangulia. Naye alipofariki Januari 2020 alituachia kazi ambazo leo sisi tunaziandikia tasnifu. Fasihi ya Kiswahili imefika hapa kwa sababu kila kizazi kilikuwa na watu waliosoma kwa mapenzi na wakasema walichokisoma.

Kizazi chetu nacho kina zamu yake. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Mwaka uliofuata Mkuki na Nyota wakatoa Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya yake ya mwaka 1994. Habari za tuzo zilisambazwa kwenye kila kundi la WhatsApp. Kitabu chenyewe, kwa Kiswahili kitamu cha pwani, wangapi miongoni mwetu wamekitaja kwenye makundi hayo hayo? Tulishangilia. Sasa tusome, na tukisha kusoma tuseme.

Kwa hiyo ombi langu kwako, ndugu msomaji, lina hatua chache ambazo mtu yeyote anaziweza.

Andika nusu ukurasa kuhusu kitabu ulichokipenda. Huhitaji shahada wala istilahi. Sema kimeandikwa na nani, kinahusu watu gani, ni sehemu ipi iliyokufanya usiweke kitabu chini, na unadhani nani akisome. Utume kwenye kundi la familia, ubandike kwenye ubao wa ofisi, uusome kwenye mkutano wa kikoba. Ukishindwa kuandika, rekodi sauti. Mimi nafanya hivyo kila nimalizapo kitabu, na nimeshaona watu ambao walijiita "si wasomaji" wakigombea nakala moja.

Nunua nakala halali pale uwezo unaporuhusu, hata moja kwa mwaka. Ukiwa mjini Dar es Salaam, pita duka la vitabu la TPH Barabara ya Samora. Ukiwa mkoani, ulizia kitabu kwa jina kwenye duka lililo karibu nawe, hata kama unajua hakipo. Muuzaji anayeulizwa kitabu hicho hicho na wateja kadhaa atakiagiza, na agizo lake ndilo litakalomrudisha mchapishaji kiwandani. Asiye na uwezo wa kununua aende maktaba ya mkoa wake. Vitabu visivyoazimwa huonekana havitakiwi, kwa hiyo nenda ukaviazime.

Walimu wenzangu, tengeni kipindi kimoja kwa mwezi ambacho wanafunzi watasoma kitabu chochote wakipendacho, pasiwe na maswali mwishoni wala alama. Wazazi, mkinunua madaftari ya Januari, ongezeni hadithi moja.

Na ninyi wanafunzi wenzangu wa uzamili na uzamivu, nawageukia kwa namna ya pekee. Tumesomeshwa kuvijua vitabu hivi kuliko watu wengi, na gharama ya elimu yetu imebebwa kwa njia moja au nyingine na wananchi. Tasnifu zetu husomwa na msimamizi, na watahini, kisha hupangwa rafuni. Katika kila tasnifu pana kurasa mbili tatu ambazo fundi cherehani wa Manzese angezifurahia kama zingeandikwa kwa lugha yake ya kila siku. Zitoeni kurasa hizo. Ziandikeni upya, fupi na nyepesi, mzipeleke magazetini, redioni, na kwenye simu za jamaa zenu. Kama tunaweza kumweleza profesa kwa nini Rosa aliangamia, na mama yake Rosa wa leo tunaweza kumweleza.

Sijaomba serikali ifanye jambo, ingawa lake inalo. Nimeomba yale yaliyo ndani ya uwezo wa msomaji mmoja. Tuna waandishi, tuna vitabu, na lugha yetu inazungumzwa na mamilioni ya watu. Kinachopungua ni msomaji kumwambia mwenzake.

Basi usiliweke ombi hili hadi kesho. Chukua simu yako sasa, mchague mtu mmoja, umtajie jina la kitabu.