Majilio Yawe Mwanzo wa Kazi: Wito kwa Sharika za Kilimanjaro

Mwaka wa Kanisa hauanzi Januari. Katika makanisa yanayofuata kalenda ya liturjia, yaani mpangilio wa sikukuu, masomo na rangi za ibada unaorudiwa kila mwaka, likiwemo Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), mwaka mpya huanza Jumapili ya kwanza ya Majilio, ambayo huangukia kati ya tarehe 27 Novemba na 3 Desemba. Na neno lenyewe, linalotokana na kitenzi kuja, hutaja majuma manne hivi ya kungojea ujio wa Kristo. Hata hivyo sharika nyingi huishi katika miaka miwili kwa wakati mmoja, kwa kuwa mimbarini kitambaa cha zambarau kimekwisha kutandikwa na mwaka umekwisha kuanza, ilhali ofisini bajeti, kamati na bahasha za ahadi bado zinasubiri Januari. Pengo hilo linawagharimu Walutheri wa miteremko ya Mlima Kilimanjaro, pamoja na majirani zao wa imani nyingine, kuliko wanavyodhani, kwa sababu majuma hayo ndiyo ambayo watu wa kufanya kazi wapo nyumbani, na kazi inapokuja kupangwa wamekwisha kuondoka.

Desemba ya Kilimanjaro inajulikana nchi nzima. Mabasi yanayotoka Dar es Salaam hujaa, na wana wa Machame, Marangu, Mwika na Rombo hupanda mlimani kula Krismasi kwao, ambako vihamba, yaani mashamba ya migomba na kahawa yanayoizunguka nyumba na kurithishwa ndani ya ukoo, huwapata tena wenyewe kwa siku chache. Ndoa hufungwa, watoto hubatizwa, na ibada hufurika mpaka wengine wanazisikiliza wakiwa wamesimama madirishani. Kisha, kabla juma la kwanza la Januari halijakwisha, mabasi yaleyale hushuka. Wanaobaki ni wazee, wanafunzi wa shule za jirani, akina mama wanaotunza wote hao, na mchungaji mwenye orodha ndefu ya kamati ambazo nusu ya wajumbe wake wanapatikana kwa simu tu.

Ni haki ikubaliwe mapema kwamba ukarimu haujapungua. Baada ya ibada ya Jumapili, nje ya mlango wa kanisa, sadaka za mazao hupigwa mnada: mzee wa kanisa, yaani mlei aliyechaguliwa kuuongoza usharika pamoja na mchungaji, huinua mkungu wa ndizi, kisha kuku aliyefungwa miguu, kisha mayai, na bei hupanda katikati ya vicheko mpaka yai moja linachukuliwa kwa fedha ambayo ingenunua trei nzima, na mnunuzi, badala ya kwenda nalo nyumbani, hulirudisha mezani linadiwe upya. Fedha za namna hiyo zimeezeka makanisa na kujenga madarasa, wala hakuna sababu ya kuzibeza. Lakini Kiswahili kinatenganisha kutoa na kujitolea, kwa maana kutoa ni kuachilia kitu, na kujitolea ni mtu kuuweka mwili wake na muda wake kwa ajili ya wengine, na siku hizi tendo la kwanza limelimeza la pili. Aliye mjini akiombwa aje kuzibua mfereji hutuma fedha kwa simu, tena kwa adabu kamili huongeza na ya kutolea. Na hivyo katika safari ya kutoa, kutolea na kujitolea, watu wengi wameteremka kituo kimoja kabla ya mwisho.

Mlima huu haukujengwa kwa fedha za kutumwa. Mifongo, yaani mifereji ya asili inayoyakinga maji ya mito juu kabisa na kuyashusha kwa mteremko wa ardhi mpaka vihambani, ilichimbwa na Wachaga kabla ya mmisionari yeyote kufika, ikasafishwa kwa zamu, na asiyefika bila udhuru alitozwa faini. Msaragambo, jina la kazi ya pamoja ya kijiji linalosikika Uchagani na Upare, ulitokana na maisha ya namna hiyo. Wamisionari wa shirika la Leipzig la Ujerumani walipofika Machame mwaka 1893 waliikuta desturi hiyo ikiwa hai, na baadaye ndiyo iliyoliokoa Kanisa lao, kwani Wajerumani walipoondolewa nchini mwaka 1920, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, walimu na wazee wenyeji ndio waliozishika sharika, wakafundisha, wakazika na kutembelea wagonjwa bila kungoja maelekezo kutoka Ulaya. Wachungaji wa kwanza wenyeji walibarikiwa mwaka 1934. Kwa hiyo makanisa saba ya Kilutheri yalipoungana tarehe 19 Juni 1963 kuwa KKKT, yaliunganisha watu waliokuwa wamezoea kwa miaka mingi kujibebea mzigo wao, na mazoea hayo ni urithi ulio mkubwa kuliko jengo lolote.

Chombo cha kuufufua urithi huo kipo tayari, nacho ni jumuiya, yaani kundi la nyumba jirani zinazokutana kusali, kwa kawaida mara moja kwa wiki, katika nyumba ya mmojawapo. Jumuiya inajua mambo ambayo ofisi ya usharika haiwezi kuyajua: ni bibi gani analala chini ya bati linalovuja, ni mtoto gani ameacha shule, ni mgonjwa gani anakosa wa kumsindikiza hospitali, na ni wapi hasa ukingo wa barabara umemeguka kiasi kwamba masika ijayo gari halitapita. Wito unaotolewa kwa washarika ni kwamba katika juma la kwanza la Majilio kila jumuiya ikae baada ya sala, ifungue daftari la kawaida la shule, iandike mahitaji ya namna hiyo kwa majina ya nyumba na ya mahali, kisha ikadirie kila kazi inahitaji watu wangapi na siku ngapi. Daftari hilo ndilo likabidhiwe wanaorudi nyumbani, badala ya bahasha peke yake. Mhasibu aliyekuja kupumzika anaweza kukaa asubuhi mbili na mtunza hazina kuzipitia hesabu za usharika. Muuguzi anaweza kupima shinikizo la damu chini ya mti baada ya ibada. Fundi umeme anaweza kukagua nyaya za kanisa zilizofungwa na watu ambao hakuna anayewakumbuka tena. Kazi za jembe na sururu zipangiwe siku maalumu kati ya Krismasi na mwaka mpya, na vijana wa kwaya, ambao hujitokeza kwa wingi pale penye sare na tamasha, wawe wa kwanza kufika.

Huduma hii ina jina katika Kanisa, nalo ni diakonia, neno la Kigiriki lenye maana ya utumishi, ambalo kwa Walutheri hutaja kazi ya kuwahudumia wagonjwa, maskini na walioachwa peke yao. Kosa la sharika nyingi, na ni vyema lisemwe wazi, limekuwa kuiacha diakonia iwe kazi ya wanawake. Wao ndio wanaofagia kanisa Jumamosi, wanaopika kwenye misiba, wanaobeba kuni na maji kwa wasiojiweza, na mwisho wa mwaka hupigiwa makofi huku wajumbe wa kamati ya ujenzi, walio wanaume karibu wote, wakipewa vyeti. Mwaka mpya wa kujitolea usiongeze mzigo juu ya mabega yaleyale. Kila kazi itakayoingia katika daftari iandikwe jina la mwanamume atakayeifanya, na akishindwa atafute mbadala wake mwenyewe.

Wapo watakaosema kwamba likizo ni ya kupumzika, na kwamba aliyefanya kazi mwaka mzima mjini hastahili kushikishwa sururu kwao. Hoja hiyo ina uzito, ndiyo maana kinachoombwa ni asubuhi moja au mbili, si likizo nzima, na jioni zote zibaki za mbege, yaani pombe ya ndizi, na nyama. Tena kazi isifungwe ndani ya uzio wa kanisa, kwa kuwa mfongo mmoja huyapitia mashamba ya Walutheri, ya Wakatoliki na ya Waislamu bila kubadili mkondo, na uongozi wa kijiji, parokia na msikiti ualikwe kuanzia kikao cha kwanza cha kupanga, usingoje kupewa taarifa.

Wazee wa kanisa wanaombwa walitangaze jambo hili kabla ya Jumapili ya kwanza ya Majilio, na kila atakayepanda basi kurudi mjini aache katika daftari la jumuiya yake jina la ndugu au jirani atakayeiendeleza kazi aliyoianza, kwa kuwa kati ya Krismasi na mvua za masika, ambazo kwa kawaida huanza Machi, kuna miezi miwili tu na siku chache za ukavu.