Kabla Uandike 'Laana' Kwa Komenti, Piga Kwanza Hesabu ya Shosho Wako

Jaribu leo kuposti kwamba shosho wako ameenda kuishi kwa makao ya wazee. Kabla chai yako ipoe, komenti zitakuwa zimejaa. Umelaaniwa. Umekuwa mzungu. Ngoja watoto wako wakufanyie vivyo hivyo. Na wengi wanaoandika hayo wako keja Rongai ama Githurai, na ocha walikanyaga mara ya mwisho Krismasi.

Manze, hizo mawe zinarushwa kwa boma lisilo lenyewe. Kuna makao ya biashara, sawa, yale ya kulipa kila mwezi, hiyo ni stori ya wenye doo. Lakini yale yasiyo ya faida hayakujengwa ndio mtoto tajiri apate mahali pa kutupa mzazi. Chukua Nyumba ya Wazee pale Kasarani. Inaendeshwa na masista wa Kikatoliki wa Little Sisters of the Poor, na kazi yao ni kupokea wazee maskini, hawaulizi dini yako kwanza. Shirika lao lilianza Ufaransa 1839, wakati mama mmoja kwa jina Jeanne Jugan alimchukua nyanya kipofu asiye na mtu, akampa kitanda chake mwenyewe. Wazee wakazidi, akashika kikapu akaanza kuomba mlango kwa mlango. Mpaka leo wanaishi hivyo hivyo, kwa kuomba. Yaani hapo hakuna mtu anatengeneza pesa na shosho yako.

Kisha wasee hudhani makao ya wazee ni kitanda na uji. Wacha nikuambie kazi yenyewe. Mzee asiyeweza kujigeuza lazima ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, usiku pia, la sivyo ngozi inaanza kuoza na vidonda vinaingia hadi ndani. Kuna wa kuoshwa, wa kulishwa polepole asipaliwe, wa dawa za presha asubuhi na za sukari kabla ya kula. Kuna guka ambaye kumbukumbu imeenda, saa nane usiku anaamka anataka kwenda kukama ng'ombe waliouzwa miaka ya themanini. Huyo ni mtu mmoja, na tayari anahitaji watu watatu wa kupokezana zamu.

Sasa leta hiyo kazi ocha. Nani anaifanya? Si wewe, wewe uko job. Ni sista yako aliyerudi nyumbani baada ya ndoa kuvunjika, ama mke wa kitinda mimba ambaye hakuna mtu alimuuliza kama anaweza. Kama kuna pesa kidogo, mnatafuta msichana wa kazi, mnamlipa mshahara wa kulea mtoto, halafu mnamwachia mtu mzima wa kilo sabini amwinue peke yake. Hakuna mtu amemfunza. Akiumia mgongo mnatafuta mwingine. Hiyo nayo hakuna mtu anaiita laana.

Turudi kwa hesabu. Mimi kampasi niliachia njiani lakini hii haihitaji digrii. Pesa ya serikali ya Inua Jamii kwa waliofika miaka 70 ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Hiyo ni kama bob 66 kwa siku, na mara nyingi huchelewa, kisha inakuja ya miezi kadhaa mara moja. Toa hapo SHA, ambayo kiwango cha chini kabisa ni 300 kwa mwezi kama hakuna anayemlipia. Shosho amebaki na 1,700 za kula, dawa, sabuni na daipa. Daipa za watu wazima umewahi kuuliza bei? Ingia duka la dawa leo uulize, halafu ugawanye hiyo 1,700.

Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya kama milioni 2.7 waliofika miaka 60 kwenda juu. Na Katiba, Kifungu cha 57, inasema mzee ana haki ya kuishi kwa heshima, bila kudhulumiwa, na kupata matunzo kutoka kwa familia yake na Serikali. Soma tena hapo mwisho. Serikali iko kwa sentensi moja na wewe. Kaunti ya Nairobi ina makao yake, Mji wa Huruma, upande wa Runda. Nairobi nzima, na ukiuliza watu kumi mtaani kwako, sijui kama wawili wamewahi kusikia jina hilo.

Na hii hadithi ya kwamba Mwafrika huwa hamtupi mzee, ipeleke Kilifi. Huko Ganze kuna kituo kinaitwa Kaya Godoma. Wanaoishi hapo ni wazee waliotoroka boma zao wenyewe baada ya kuitwa wachawi, na mara nyingi nyuma ya huo uchawi kuna shamba ambalo vijana wanataka kurithi haraka. Wengine hawakupata nafasi ya kutoroka. Mwambie mzee wa Ganze kwamba makao ni laana uone atakavyokuangalia.

Kitu kinaniuma zaidi ni grupu za WhatsApp. Shosho akifariki, grupu ya mazishi inafunguliwa kabla jioni, mweka hazina anachaguliwa, kila mtu anatuma elfu moja, tenti na basi zinalipwa. Shosho huyo huyo alilala miaka mitatu kitandani na hakukuwa na grupu ya dawa. Ungetuma mia mbili kila mwezi? Binamu kumi na tano, hiyo ni elfu tatu. Imeshapita pesa ya serikali.

Kwa wale hupenda kwenda kutembelea makao wikendi na fulana za kufanana: endeni, wazee hupenda wageni. Lakini pigeni simu kwanza muulize ni nini imeisha. Unga na sukari kila mtu hubeba. Pengine wiki hiyo wanataka glavu, ama daipa, ama mtu wa kulipia umeme, ama tu msee mwenye taimu ya kukaa masaa mawili acheze drafti na guka bila kumrekodi.