Hesabu za Vijana na Ligi ya Ugenini

Jumamosi nyingi mchana, saa saba au saa nane kwa kutegemea majira ya Uingereza, vijana wa Shinyanga, Kahama na Geita huonekana wameinamia simu zao. Wanawahi uhamisho wa wachezaji katika timu za kubuni za Ligi Kuu ya Uingereza, kwani milango ya mchezo huo hufungwa dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza ya juma.

Wazee wengi, na walimu miongoni mwao, huliona jambo hilo kuwa upuuzi mtupu. Hukumu hiyo ni ya haraka. Mchezo huu si mkeka; kujiandikisha hakuna malipo, na anayeshindwa hapotezi fedha. (Mtumishi anayebadili mshambuliaji saa za kazi, wananchi wakiwa wamepanga foleni dirishani, ni shauri jingine, na dawa yake inajulikana.)

Masharti yake ni magumu kuliko yanavyodhaniwa. Mshiriki hupewa milioni 100 za kufikirika, anunue wachezaji 15: makipa wawili, walinzi watano, viungo watano na washambuliaji watatu. Haruhusiwi kuchukua zaidi ya watatu kutoka klabu moja. Kila juma hupata uhamisho mmoja wa bure, na akizidisha hukatwa pointi nne kwa kila mchezaji wa ziada. Tangu msimu wa 2024/25 anaweza kulimbikiza uhamisho hadi tano. Mwenye pupa huadhibiwa, na mwenye kuweka akiba hupata nafasi ya kujipanga upya.

Mwenye ujuzi wa kompyuta hahitaji kubahatisha. Takwimu za mchezo huo, yaani bei, pointi, dakika na majeruhi, husomeka na mashine. Kijana huandika skripti fupi, amri mstari baada ya mstari kwenye kioo cheusi kisicho na picha wala vitufe. Amri ya kwanza huvuta takwimu, ya pili hupima pointi za kila mchezaji kwa bei yake, ya tatu hutafuta kikosi bora kisichovunja sharti lolote, na ya mwisho humwambia nani auzwe na nani anunuliwe.

Yafaa kukumbuka hesabu hiyo ilikotoka. Mwaka 1938 mwanahisabati wa Kisovieti, Leonid Kantorovich, aliombwa na shirika la mbao za tabaka mjini Leningrad atafute namna ya kugawa kazi kwa mashine ili mazao yawe mengi kwa vifaa vilivyopo. Jawabu lake likawa msingi wa elimu nzima ya kugawa kichache kwa wengi, na mwaka 1975 akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Tjalling Koopmans. Kwa hiyo kijana wa Geita anayechagua viungo watano kwa skripti anatumia chombo kilichobuniwa kwa ajili ya mipango ya uchumi. Hesabu hiyo hiyo imekuwamo kwa miaka mingi katika hisabati ya Kidato cha Nne: mwanafunzi huchora mistari kwenye karatasi ya grafu, hutia kivuli eneo linaloruhusiwa, hupata idadi ya meza na viti, kisha husahau.

Walakini upo mahali pengine. Ukanda huu una soka yake. Stand United ilishuka kutoka Ligi Kuu mwaka 2019, Mwadui ikafuata mwaka 2021. Mwaka huo huo Geita Gold ilipanda, na katika msimu wake wa kwanza George Mpole akaibuka mfungaji bora wa ligi kwa mabao 17, klabu ikapata nafasi ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Mpole akahamia Lupopo ya Lubumbashi, na mwaka 2024 Geita Gold nayo ikashuka. Huo ulikuwa uhamisho wa kweli, na pengo la mabao likabaki Geita. Kijana anayejua bei ya kila mlinzi wa Brentford hawezi kueleza pengo hilo lingezibwa na nani kutoka ligi za wilaya, kwa sababu mabao na dakika za huko hazimo katika hazina yoyote ambayo skripti yake inaweza kuisoma.

Kumlaumu yeye ni kuonea. Takwimu za ugenini zimefunguliwa na wenye ligi, naye amezifuata. Wanaoweza kufungua za nyumbani ni walimu wanaosimamia UMISSETA na maofisa michezo wa halmashauri, na kazi yenyewe ni ndogo. Baada ya kila mechi, matokeo yaandikwe katika jedwali moja lenye mpangilio usiobadilika: tarehe, shule, namba ya mchezaji, dakika, mabao. Klabu ya kompyuta ya shule ipewe jedwali hilo na iandike skripti ya kupanga kikosi cha wilaya. Mwalimu wa hisabati akae nao, maana ndiye mwenye zile karatasi za grafu. Kikosi cha mashine kikitofautiana na kile kilichochaguliwa na kamati, kamati itapaswa kueleza kwa nini, na hilo huenda lisiwapendeze baadhi ya wajumbe.